Kabla ya Kumlenga Kanga wa Kigwa

Bwana Mwandishi, naafikiana nawe kwamba bunduki ya upepo ni silaha kamili wala si mchezo wa watoto; lakini kwetu Kigwa, palipopita misafara ya pembe za ndovu baina ya Tabora na pwani, na ambako bunduki zilijulikana tangu zama za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, yapasa kuongeza jambo. Mwenye kuinunua, kabla hajamtamani kanga wala kwale, na aisahihishe shabaha yake katika umbali wa mita 20 au 25, akitumia risasi za uzito mmoja, nyuma ya alama pakiwa na kichuguu kikubwa, mpaka zote zitue mahali pasipozidi upana wa sarafu. Na bunduki ya upepo ya springi asiifyatue tupu, maana huharibika upesi. Asiyefikia ustadi huo atamjeruhi ndege akafie kichakani, na hiyo ni dhuluma. Tena, kuwinda bila ya leseni kumekatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, nami sioni kuwa kanga aliyeingia uani hutoka katika hukumu hiyo.