Unanijua mimi ni nani?

Hivi karibuni nilikuwa Nairobi kwa semina ya waandishi. Semina yenyewe sitaisimulia, mnazijua: chai, karatasi za kubandika ukutani, chai tena. Jumapili ilikuwa ya mapumziko, na mwenyeji wangu, mpigapicha wa gazeti moja la pale, akaniuliza kama ningependa kwenda naye kutazama mchezo. Nikadhani mpira. Akacheka. "Si mpira, ndugu yangu. Bastola."

Naomba nieleweke toka mwanzo. Mimi na bunduki hatupatani. Mwaka 2005, nikiwa darasa la tatu, majambazi walikuja dukani kwa baba kule Mbagala, saa mbili usiku, wakati anafunga hesabu. Nilikuwa nimejilaza nyuma ya magunia ya mchele. Sikuona kitu isipokuwa miguu. Nilisikia mlio mmoja tu, walifyatua juu ili kututisha, bati likatoboka. Fedha zilikwenda, tukasahau zilikuwa kiasi gani. Lile tundu la batini lilikaa miaka, kila masika tunaweka ndoo chini yake, na baba hakuwahi kupanda kuliziba. Kwa hiyo mtu akiniambia bastola ni mchezo, kama vile bao au drafti, moyo wangu haukunjuki haraka.

Lakini nikaenda. Uandishi ni ugonjwa.

Uwanja wenyewe uko nje ya jiji, upande wa Kiambu. Matuta marefu ya udongo mwekundu, turubai la kivuli, wanaume na wanawake wamevaa kofia na miwani na viziba masikio. Nilitegemea kukuta watu waliovaa kikomandoo, nikakuta watu waliovaa kama wanakwenda kukimbia. Mwenyeji akaniambia kanuni za mchezo hazipendi raia wavae magwanda ya kijeshi. Nikaandika hilo kwenye daftari, nikaliwekea alama ya kuuliza.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, nieleze kidogo, kwa sababu hata mimi nilidhani ni kusimama na kulenga duara. Wanauita ulengaji wa vitendo. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, lilianzishwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, Missouri, huko Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, mwanajeshi mstaafu. Leo liko katika nchi na maeneo zaidi ya 100, na Afrika Kusini iliwahi kuandaa mashindano ya dunia mwaka 2002. Kaulimbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini: usahihi, nguvu, kasi. Hausimami mahali pamoja. Unakimbia, unapiga ukiwa nyuma ya ukuta wa mbao, unachungulia dirishani, unaangusha vibao vya chuma, unabadilisha magazini huku unatembea. Hatua fupi haizidi risasi 12, ndefu haizidi 32.

Utamu uko kwenye hesabu. Kila shabaha ya kadibodi imegawanywa sehemu. Katikati ni pointi 5, pembeni pungufu. Pointi zako zote zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Tuseme hatua ina risasi 12. Wewe umepiga zote katikati kwa sekunde 10: pointi 60 gawanya kwa 10, una 6. Mwenzako amekurupuka, katumia sekunde 8, nane zimeingia katikati, tatu pembeni kwa pointi 3 kila moja, na moja imepotea porini. Iliyopotea inamkata 10. Anabaki na 39, gawanya kwa 8, hafiki hata 5. Na kuna shabaha nyingine ambazo huruhusiwi kuzigusa kabisa, zimebanwa katikati ya zile za kupiga, mfano wa mtu asiye na hatia. Ukimgusa huyo, 10 nyingine zimekwenda. Nilijikuta nafuatilia hesabu kama ninavyofuatilia msimamo wa ligi. Nakiri.

Kilichonifanya niandike makala haya, hata hivyo, si hesabu. Ni mzee mmoja.

Alikuja na gari kubwa jeusi, dereva akamfungulia mlango, saa ya mkononi inang'aa kutoka mbali. Mtu wa aina ambayo ukiingia naye ofisini kwa mhariri, mhariri anasimama. Kila mtu pale alimwamkia kwa heshima, naye akaitikia kwa heshima. Zamu yake ilipofika akaenda kwenye mstari. Mwamuzi wa hatua ile alikuwa mwanamke, nikaambiwa kazi yake siku za wiki ni daktari wa meno, ana sauti ndogo na saa ya kupimia inayolia mlio mkali. Akamwamuru apakie risasi. Akamuuliza kama yuko tayari. Mlio.

Mzee alianza vizuri. Akamaliza shabaha za kushoto, akageuka kukimbilia dirisha la kulia, na katika kugeuka kule mdomo wa bastola ukapita ule mstari wa nyuzi 90 ambao hauruhusiwi kupita. Sikuliona hilo kwa macho yangu, nilielezwa baadaye. Hakuna aliyepigwa, wala hakuna risasi iliyotoka. Nilichosikia ni yule mama akisema kwa Kiingereza, bila kupaza: simama.

Akasimama. Yule mama akamwamuru atoe risasi, aonyeshe chemba tupu, aiweke bastola kiunoni. Kisha akamwambia amefutwa katika mashindano. Si katika hatua ile, katika siku nzima. Alikuwa amefyatua risasi zisizofika kumi tangu asubuhi.

Msomaji, mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Nikakaza masikio kusubiri sentensi ambayo kwetu lazima ingefuata. Unaijua. Imesemwa kwa askari wa usalama barabarani, kwa nesi wa zamu, kwa mlinzi wa geti, kwa karani wa benki. "Unanijua mimi ni nani?"

Haikuja. Mzee alitikisa kichwa, akasema samahani, akatia saini kwenye karatasi, akaenda kukaa chini ya turubai. Akanywa soda. Baadaye nilimwona anasaidia kubandika vipande vya karatasi kwenye matundu ya shabaha, kazi ambayo washindani hufanyiana kwa zamu.

Nilimuuliza mwenyeji wangu kama lile ni jambo la kawaida. Akashangaa swali. Akanihesabia yanayokurudisha nyumbani: kidole ndani ya kifyatulio wakati unatembea au unabadilisha magazini, kuiangusha bastola, risasi kutoka bila kukusudia, kuishika bastola mahali ambapo hujaamriwa na mwamuzi. Hata yenye chemba tupu. Pale kuna kona maalumu ya kuikagua silaha yako, na kwenye kona hiyo huruhusiwi kushika hata risasi moja. Hakuna onyo la kwanza, hakuna "tumsamehe leo". Na hakuna anayeulizwa kazi yake.

Sasa linganisheni na picha tulizozizoea. Machi 2017, siku Nape Nnauye alipoondolewa uwaziri wa habari, mtu aliyevaa kiraia alichomoa bastola na kumtishia pale Dar es Salaam, mchana, mbele ya kamera za waandishi wa habari. Nilikuwa bado mwanafunzi, niliitazama video ile mara nyingi sana, na nadhani ni miongoni mwa mambo yaliyonisukuma kuingia kazi hii. Huko Nairobi nako, habari za mtu kuchomoa bastola baa au kwenye ugomvi wa maegesho si ngeni. Desemba 2018 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wenye leseni wote wahakikiwe upya. Sheria zipo. Wenzetu wana yao, sisi tuna yetu ya mwaka 2015. Sina ugomvi na maandishi. Ninachouliza ni nani mwenye ubavu wa kumwambia bwana mkubwa "simama", na bwana mkubwa akasimama. Nimemwona mmoja, ni daktari wa meno.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na najua wapo watakaonishangaa. Mchezo huu usipigwe vita. Nchi ambayo tayari ina raia wenye bastola viunoni ina hasara gani ikiwa baadhi yao wanakwenda Jumapili mahali ambapo wanaweza kuaibishwa kwa kidole? Mimi ningetaka wote waende. Kila mwenye leseni, waziri, mfanyabiashara, mchungaji, apite mbele ya mwamuzi kila mwaka, na akifutwa pale, leseni nayo ifutwe. Siku hiyo hiyo.

Lakini wapenzi wa mchezo wasianze kunipigia makofi, kwa sababu mazungumzo yetu njiani hayakuwa matamu. Mwenyeji wangu alinikumbusha Westgate, Septemba 21, 2013, shambulio lililoua watu 67. Ni kweli, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia na kuokoa wengine, na wapo watoto walio hai leo kwa sababu hiyo. Siwezi kulibeza hilo. Ila nilimwambia kwamba shabaha ya kadibodi hairudishi risasi, na kwamba hata wenyewe kwenye mchezo hawakubaliani juu ya hili. Cooper mwenyewe alikuja kulalamika kwamba mashindano yamekuwa ya vifaa na mbwembwe, yameacha lengo la kujihami. Na mwaka 1996 wengine wenye mawazo ya namna hiyo wakaanzisha chama chao, IDPA. Kama waasisi wanagombana kuhusu mchezo huu ni wa nini, mimi mgeni nitumie Westgate kuuhalalisha?

Na kuna Dunblane. Machi 1996, huko Scotland, mtu mmoja aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zake zilikuwa na kibali. Alikuwa amepitia vilabu vya kulenga shabaha. Mwaka uliofuata Uingereza ikapiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia, na ulengaji wa bastola wa vitendo ukafa pale kwa siku moja. Hata walengaji wa Olimpiki ikabidi wafanye mazoezi nje ya nchi. Hawa wa Kiambu nilipowatajia hilo walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema yule alikuwa kichaa. Sikuridhika na jibu lile. Nyuzi 90 zinapima mkono, hazipimi moyo, na mtu anaweza kumaliza hatua zote 12 bila kosa hata moja akarudi nyumbani kumtishia mkewe. Kwa hiyo mtu asiniletee cheti cha klabu kama ushahidi wa uungwana.

La fedha niliseme haraka, kwa sababu halihitaji ufafanuzi. Bastola, leseni, na risasi maelfu kwa mwaka kama unashindana kweli. Pale turubaini hapakuwa na kondakta wa matatu. Labda dawa ni ile ya Wajapani. Huko raia wa kawaida harusiwi bastola, basi wanafanya mazoezi kwa bastola za bandia zinazorusha vipira vya plastiki, na mwaka 2004 mmoja wao, Tatsuya Sakai, aliyejinoa kwa njia hiyo, alikwenda Marekani akawashinda wenyeji kwenye ubingwa wa dunia wa kupiga vibao vya chuma kwa kasi. Mwenyeji wangu hakufurahia mfano huu. Alisema si sawa, haina teke. Mimi nikasema ndiyo uzuri wake.

Waliniuliza kama nataka kujaribu. Nikakataa. Nilishika ile saa ya kupimia tu, nikaibonyeza, ikalia, nikairudisha.

Usiku ule nilimpigia baba. Sijawahi kuzungumza naye habari ya bastola tangu 2005, na sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwa yule mzee mwenye gari jeusi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo alikaa tu?"

"Alikaa tu, baba. Akanywa soda."

"Na huyo mama hakufanywa kitu?"

"Hakufanywa kitu. Aliita mwingine."

Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia anacheka, kile kicheko chake cha puani, na akaniuliza mchele Nairobi wanauzaje kilo.