Mbwa Mzee Ambaye Hakuna Aliyemrithi



Likizo iliyopita nilifika nyumbani Ngonga, Kyela, nikakuta jirani yetu mmoja amezikwa wiki mbili kabla. Alikuwa mzee mgane, na kwa miaka mingi aliishi peke yake na mbwa wake. Ndugu zake walikuwa wameshakaa kikao na kugawana mali. Shamba la kakao lilipata mwenyewe, majaruba ya mpunga yalipata mwenyewe, baiskeli na redio vilipata wenyewe, hata turubai la kuanikia kakao lilipata mwenyewe. Mbwa hakutajwa.

Mbwa huyo anaitwa Simba. Kwa hesabu ya mama yangu ana miaka kumi hivi. Nilimkuta amelala kwenye kibaraza cha nyumba iliyofungwa. Masikio yalikuwa yamejaa kupe, ukurutu ulikuwa umemnyonyoa manyoya mgongoni, jicho moja lilikuwa na ukungu, na mguu wa nyuma alikuwa akiuburuta. Watoto walikuwa wakimrushia mawe wakipita kwenda shule. Vijana wawili walikuwa wamepanga kumwekea sumu, na kwa maneno yao hawakuwa na ubaya, walitaka apumzike. Niliwaomba waniachie. Nikaenda kumwita bwana mifugo wa kata.

Nilipomleta nyumbani, mama hakufurahi. Alisema, "Mwanangu, hapa kuna watu wanakosa nauli ya kwenda hospitali, na wewe unamtibu mbwa?" Jumapili baada ya Misa, katekista wetu naye akanivuta pembeni: "Frateri, Papa mwenyewe alishatuonya juu ya mambo ya mbwa."

Nimeandika makala haya kwa sababu maswali hayo mawili ni ya kweli, na nadhani wanaparokia wengi wanayo. Maoni yangu ni haya: kumpokea mbwa mzee na mgonjwa ni jambo jema na ni deni letu. Lakini wema huo una nafasi yake, na ukitoka nje ya nafasi hiyo unageuka kuwa maficho.

Nianze na katekista. Hakukosea. Januari 2022, akifundisha juu ya Mtakatifu Yosefu, Papa Fransisko aliwasikitikia wanandoa wasiotaka watoto na wanaoweka mbwa na paka mahali pao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, namba 2418, inasema wazi kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambayo kwanza ingepaswa kupunguza mateso ya watu, na kwamba mnyama asipewe pendo ambalo ni haki ya binadamu peke yake. Ila namba hiyo hiyo inafundisha pia kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi yetu sisi wenyewe. Na namba mbili kabla yake inasema kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, anawatunza, na kwamba watu wanawiwa wema kwao. Tukichukua nusu ya mafundisho tu, tunaweza kumhalalishia kila mtu anachotaka, awe anayemvika mbwa nguo au anayemwekea sumu.

Mwaka huu darasani tumesoma wanafalsafa waliolitafakari jambo hili. Descartes aliwaona wanyama kama mashine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakufika huko. Aliona kwamba anayezoea ukatili kwa mnyama huingia kwa urahisi katika ukatili kwa mtu. Lakini aliyenishangaza ni Immanuel Kant, mtu ambaye hakuna anayemfikiria kuwa na huruma nyingi. Katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797 anataja mfano wa farasi au mbwa mzee aliyetumikia nyumba muda mrefu, na kusema kwamba kumshukuru kama mmoja wa wana nyumba ni sehemu ya wajibu wa mtu. Kwa Kant wajibu huo ni wetu kwa nafsi zetu, si kwa mbwa mwenyewe. Hapo mimi naona Maandiko yanakwenda mbele zaidi. Kitabu cha Methali, sura ya 12, kinamtambua mwenye haki hata kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Na katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri na malaika Rafaeli, mbwa anafuatana nao. Mwandishi hakuona haya kumtaja.

Sasa tulitazame deni la Simba. Kwa miaka kumi aliwafukuza nyani kwenye kakao za mzee yule. Usiku alibweka wezi walipokaribia kakao iliyoanikwa, na sisi majirani tulilala usingizi kwa kubweka kwake bila kumpa hata kichwa cha dagaa. Kama shamba lina mrithi, je, deni la mlinzi wa shamba halina? Huko Nairobi ipo KSPCA, inayopokea mbwa waliotupwa na kuwatafutia watu wa kuwalea. Sisi wa kijijini, nyumba ya kuokolea mbwa ni kibaraza cha jirani. Jirani akikataa, kilichobaki ni rungu au sumu.

Nije kwenye swali la mama, ambalo ni zito zaidi. Fedha niliipata kwa kuvuna na kuanika kakao za watu wakati wa likizo. Bwana mifugo alimpa Simba chanjo ya kichaa cha mbwa, akamwogesha dawa ya kupe, na kwa ukurutu akamchoma sindano ya ivermectin, akairudia baada ya wiki mbili. Chakula kilikuwa ugali wetu na supu ya vichwa vya dagaa. Jumla yote haikufika bei ya majogoo wawili. Sisemi kwamba hicho ni kitu kidogo kwa kila nyumba. Nasema kila nyumba ijue mapema mpaka wake, na mpaka huo usiguse ada ya mtoto wala dawa ya mgonjwa.

Lakini dawa yenyewe ilinifundisha kitu. Huku Rungwe na Kyela, kwa sababu ya mito yetu yenye kasi, tunaujua ugonjwa wa usubi, unaowasha ngozi na kupofusha macho. Kwa miaka mingi watu wa vijiji vyetu wamemeza vidonge vya kuukinga, wakipimwa urefu kwa fimbo ili kujua idadi ya vidonge. Vidonge hivyo ni ivermectin hiyo hiyo. Ilitokana na kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani, ikaanza kuuzwa mwaka 1981 kama dawa ya mifugo, na mwaka 1987 kampuni iliyoitengeneza ikatangaza kuitoa bure kwa watu wenye usubi. William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Maana yake, macho ya wazee wengi wa huku yamelindwa na dawa iliyoanza kwa kuwatibu wanyama. Nilipomweleza mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi usimpe kile cha kwangu." (Na kweli tusimpe. Kipimo cha mbwa ni kingine, na wapo mbwa wanaodhurika nayo. Ni kazi ya mtaalamu.)

Baada ya wiki tatu manyoya yalianza kurudi. Nilianza kujisikia vizuri, na nakiri kwamba nilipenda watu walivyokuwa wakinisifu njiani. Siku moja bibi mmoja jirani alisimama kwenye uzio, akamtazama Simba, akanishukuru kwa lugha ya kwetu: "Ndaga fijo." Kisha akaongeza kwa Kiswahili, taratibu, "Ungekwenda na kwa mwenye mbwa, alipokuwa anaumwa."

Sikuwa na jibu. Likizo ya Noeli iliyotangulia, mzee yule alikuwa tayari mgonjwa. Nilipita mbele ya nyumba yake kwa baiskeli mara tatu au nne. Nilimwamkia kutoka barabarani, "Shikamoo mzee," naye akainua mkono kutoka kwenye kiti. Simba alikuwa amelala miguuni pake. Sikushuka kwenye baiskeli hata mara moja. Nilijua nikishuka nitakaa saa nzima, nitasikiliza habari za miaka ya zamani nilizokwisha kuzisikia, na pengine nitaombwa fedha ambayo sina. Mbwa haniombi chochote cha namna hiyo. Harudii hadithi, hakosoi, na akipewa ugali anatikisa mkia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Kanisa linaweka mpaka. Mbwa si mbaya. Ila sisi tunaweza kumtumia ili tujione wenye huruma kwa bei rahisi. Yule maskini Lazaro katika Injili ya Luka alilambwa vidonda na mbwa mlangoni pa tajiri. Mbwa walifika karibu naye na mwenye nyumba hakufika. Katika kisa cha jirani yetu, mbwa alikaa na mgonjwa mpaka mwisho, na frateri alipita kwa baiskeli.

Kwa hiyo sikubali jibu la wanaosema tuache mbwa tuhudumie watu kwanza. Mara nyingi wanaosema hivyo, na mimi nikiwemo, huwa hawamhudumii yeyote kati ya hao wawili. Nasema mbwa mzee atupeleke kwa mtu mzee. Ukimpokea mnyama asiye na faida tena, umeanza kujifunza kumthamini kiumbe bila kuuliza ataleta nini. Somo hilo lisipofika kwa bibi wa nyumba ya tatu, basi halijafika popote.

Kwa msomaji anayefikiria kumpokea mbwa wa namna hii, nina mashauri machache. Kwanza usalama. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi au kuuma ovyo, usimkaribie, mwite mtaalamu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pili, ujue nani atamtunza usipokuwepo. Mimi nimerudi seminari, na mdogo wangu amekubali. Tatu, kama maumivu yake hayana tiba, mtaalamu amalizie bila mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, na dhamiri inakataza kabla ya sheria.

Nina pendekezo pia kwa maparoko na jumuiya zetu ndogo ndogo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Siku sita baadaye, tarehe 4 Oktoba, tunamwadhimisha Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kwa nini wiki hiyo tusimwalike afisa mifugo kuchanja mbwa uwanjani pa kanisa, na kila jumuiya iandike majina ya wazee wanaoishi peke yao ili watembelewe? Orodha zote mbili zisomwe siku moja.

Kabla sijaondoka nilikwenda kwa yule bibi Jumapili tatu mfululizo, na Simba akinifuata kwa kuchechemea. Alinisimulia habari za mzee yule, nyingi sikuzijua. Mama bado anasema amemkubali mbwa kwa sababu ya wezi wa kakao tu. Lakini mdogo wangu ameniambia kwamba mvua ikinyesha usiku, mama ndiye anayefungua mlango wa jiko ili Simba aingie.

Mniombee, nami nawaombea.