JIFYA MOJA HALIINJIKI CHUNGU

Wapo wenzetu wanaojigamba kwamba mtu ni kemikali tu. Eti ukishajua vipande vilivyomo mwilini, umemaliza kazi. Mimi nasema la! Kuvunja kitu vipande ni nusu ya sayansi, si sayansi yote. Mashahidi wangu ni vimeng'enya, yaani zile protini ambazo huharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini bila zenyewe kwisha.

Tuanze kwa haki, maana wavunjaji wana sifa zao. Hapo zamani Louis Pasteur wa Ufaransa alishikilia kwamba sukari haigeuki pombe bila hamira iliyo hai. Mwaka 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani alisaga hamira kwa mchanga, akaikamua, kisha akatia sukari katika maji yale yasiyo na seli hai. Mapovu yakatoka! Mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobel. Hapo kuvunja kulishinda, wala sibishi.

Lakini ngojeni kwanza. Mwaka 1906, huko London, Arthur Harden na William Young waliyachuja maji hayo ya hamira wakapata sehemu mbili. Sehemu yenye protini ilipotiwa sukari, kimya. Ile iliyopenya chujio, kimya vilevile. Walipozichanganya tena, sukari ikachachuka! Sasa niambieni jamani, uwezo ule ulikuwa katika sehemu gani? Haukuwa katika hii wala ile, bali katika ushirikiano wao. Baadaye ikajulikana kwamba kilichodhaniwa kimeng'enya kimoja ni kundi zima, kila kimoja kikimpokeza mwenzake kazi kama wakimbiaji wa vijiti.

Hata katika maabara yetu ushahidi upo. Mate hugeuza wanga kuwa sukari. Yachemshe kwanza, na wanga utabaki wanga. Iodini itakuonyesha rangi ile ile ya buluu-nyeusi. Kwani kuna kipande kilichopotea? Asidi amino ni zile zile, kwa mfuatano ule ule. Kilichoharibika ni umbo, yaani jinsi protini ilivyojikunja.

Najua mtanijibu kwamba umbo nalo ni kemia. Kweli kabisa, hakuna uchawi ndani ya mate. Ninachosema ni kwamba "kimeundwa kwa nini?" ni swali moja, na "kimepangwaje, na kinafanya kazi na nani?" ni swali lingine.

Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi. Tunakariri vimeng'enya kama orodha ya vitu vya dukani: jina, kinakotoka, kazi yake. Baiolojia tunaiweka huku, kemia kule. Tukiulizwa kwa nini papai bichi hulainisha nyama ngumu, tunakodoa macho, ilhali mama zetu jikoni wanalitumia kila siku. Tutapita mtihani, sawa, lakini tutakuwa madaktari na wakulima wa namna gani?

Naomba walimu wa masomo hayo mawili watufundishe mada hii pamoja, angalau mara moja kwa muhula. Nasi tukishakariri orodha, tuulizane: hivi vyote vinaunganaje?

Tuvunje, ndiyo, lakini tuunge tena. Jifya moja haliinjiki chungu.