Roboti ya Askari na Mkono wa Mtoto



Majeshi ya mataifa mbalimbali yakikutana kwa mazoezi, siku hizi hupenda kuonyesha roboti ya kutegua mabomu. Ni kigari chenye kamera na mkono wa chuma. Askari hukaa mbali akakiongoza, nacho kikaikabili hatari badala yake. Waingereza walianza kukitumia mwaka 1972 kule Ireland ya Kaskazini. Hatukilaumu. Chenye kuokoa roho ya mja ni kheri.

Lakini twauliza: mazoezi yakisha, kigari kikarudishwa sandukuni, mtoto wa Kagera kapata nini?

Mkoa ule waijua vita. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu Bukoba, na mwezi uliofuata daraja la Kyaka likavunjwa. Ngara nayo yapakana na Burundi na Rwanda, nchi zilizoonja vita vyao wenyewe. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono liliua wanafunzi watano na kujeruhi wengi. Mwanafunzi aliliokota akidhani ni chuma chakavu. Hapakuwa na roboti pale. Palikuwa na mkono wa mtoto.

Wako wasemao, "Ajali yao ilifika." Jamani! Kadari tunaiamini, lakini Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha tutawakali. Akatufundisha pia kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Ikiwa mwiba ni udhia, je, bomu?

Wala tusiseme ilimu hatuna. Morogoro panya hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini, na walisaidia kuisafisha Msumbiji, kazi iliyokamilika 2015. Ilimu yavuka mipaka, haifiki kijijini!

Basi kila mazoezi yawe na siku ya shule. Kigari kipelekwe Bukoba, Muleba na Ngara. Watoto waonyeshwe bomu lilivyo, waambiwe: usiguse, rudi nyuma, mwite mkubwa. Na mnunuzi wa vyuma anayepokea chuma mkononi mwa mtoto bila kuuliza kimetoka wapi, ajue ana sehemu yake katika dhambi.

Nawe msomaji wa pwani usiseme Kagera ni mbali. Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011, mabomu ya ghalani yaliua watu Dar es Salaam. Waite wanao leo, uwafunze.

Wabillahi tawfiq.