Ekzosi Iliyomshusha Mke Wangu Chalinze

Mwezi huu naomba nianze na aibu yangu mwenyewe, halafu tutakwenda gereji pamoja.

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda Morogoro, ukweni. Tulikuwa mimi, mke wangu na Altezza yangu. Gari naitaja kama mtu kwa sababu siku zile ilikuwa kama mtu wa tatu ndani ya nyumba. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeipeleka kwa fundi, tukang'oa ekzosi iliyokuja nayo kutoka Japani, tukafunga bomba la inchi 3 kuanzia mbele mpaka nyuma, na mwishoni kopo kubwa linalong'aa. Pesa niliyotumia sitaitaja hapa, maana gazeti hili mama mkwe naye analisoma. Lakini mlio, jamani! Nikikata kona ya Tabata, vijana wa bodaboda wote wanageuka. Nikajiona bonge la mwanaume.

Tulipopita Kibaha mke wangu akaacha kuongea. Mlandizi akajifunga khanga kichwani, masikio yote ndani. Kufika Chalinze akaniambia kitu kwa sauti ya kawaida kabisa, na ilibidi arudie mara tatu ndipo nikasikia.

"Nishushe."

Nikadhani anataka maji. Kumbe wapi! Alichukua mkoba wake, akavuka barabara, akapanda basi.

Mimi nilifika Kihonda kabla yake, peke yangu, nikinguruma. Baba mkwe alitoka nje na kandambili zake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu baba. Gari linaumwa?"

"Hapana baba, ndivyo lilivyo."

"Ahaa. Na mwenzako yuko wapi?"

"Anakuja."

"Anakuja na nini?"

Msomaji, kuna maswali ambayo hata ukiwa na digrii ya mawasiliano kama mimi huna jibu lake.

Usiku ule mke wangu hakugomba. Aliniambia hivi: "Gari lako sina shida nalo. Shida yangu ni kwamba sisi tunaongelea ndani ya gari." Na ni kweli. Tunatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunarudi saa mbili usiku tumechoka kama magunia. Mambo yote makubwa ya ndoa yetu tuliyapanga kwenye foleni: kiwanja, ada ya mdogo wake, hata jina la mtoto. Akaendelea: "Jumanne pale Buguruni nilikuambia ofisini wananihamishia Mwanza. Ukaitikia, 'Poa tu.'"

Mimi sikumbuki kuitikia. Sikumbuki hata kuambiwa.

Jumatatu nilikwenda kutafuta fundi mwingine. Niliyojifunza kwa wiki tatu zilizofuata ndiyo nataka nikugawie, wewe unayeanza mambo ya kuchezea gari, au wewe ambaye mwenzako ameanza na umeshachoka.

Kwanza, jua kelele yako ni ipi

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunasema "gari linapiga kelele" kana kwamba kelele ni moja. Zipo tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mlio wenyewe, ule unaotoka nyuma na kusikiwa na mtaa mzima. Ya pili ni mvumo, ile "mmmmm" nzito inayojaa ndani ya gari ukiwa safarini na mguu umetulia kwenye mafuta. Huo ndio uliomshusha mke wangu. Ya tatu ni uvujaji: moshi unapenya kwenye maungio na kutoa sauti ya "tk-tk-tk" au "fsss", hasa injini ikiwa ya baridi.

Anza na hiyo ya tatu, maana ndiyo ya hatari. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Bomba likivuja chini ya sakafu, gesi inaweza kuingia mlipokaa wewe na mtoto. Kagua gari likiwa limepoa, mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye gasketi na kwenye sehemu zilizochomelewa. Halafu washa injini, mwenzako azibe kidogo mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache kabla bomba halijapata moto, wewe sikiliza sauti inatokea wapi. Kwangu ilikutwa sehemu moja inavuja. Gasketi mpya tu, na robo ya kelele niliyokuwa najivunia ikaisha. Kumbe nilikuwa najivunia ubovu!

Pili, rudisha ulichokitupa

Injini kila inapolipua mafuta inatoa pigo la gesi. Ekzosi ya kiwandani ina vitu vya kutuliza mapigo hayo: masega, resoneta katikati, na sailensa nyuma. Mimi nilipofunga bomba tupu, katikati hakukubaki kitu.

Fundi wangu mpya, mzee mmoja wa Gerezani, alinionyesha sailensa mbili zilizopasuliwa. Moja ndani ina vyumba na vijibomba. Sauti inaingia, inagonga kuta, inarudi na kujimaliza yenyewe. Hii ni tulivu, ila inabana moshi kidogo. Nyingine ina bomba moja lililonyooka lenye matundu, limezungushiwa sufi ya fibaglasi inayonyonya sauti. Hii inapitisha moshi vizuri na ndiyo wanayoipenda vijana. Tatizo lake ni kwamba sufi inaungua na kupeperuka polepole, ndiyo maana gari la rafiki yako lilikuwa zuri mwaka jana na leo linapiga kelele kama mashine ya kusaga. Dawa ni kuifungua na kuweka sufi mpya, au kununua nyingine.

Ushauri wa mzee kwa anayeanza: weka sailensa ndefu na nene kadiri nafasi chini ya gari inavyoruhusu. Kopo fupi linalong'aa ni urembo tu. Na resoneta ya katikati usiikose.

Na masega? Yaache! Ndani yake kuna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana kuna watu watakushawishi uyatoe "gari lipumue". Yapo kwa ajili ya kusafisha moshi wenye sumu, na yanapunguza sauti pia. Ukiyatoa unapoteza vyote viwili, na anayefaidi ni aliyeyanunua.

Tatu, inchi si ubabe

Hili liliniuma. Nilifunga inchi 3 kwenye injini ya lita 2 isiyo na tabo. Mzee alicheka mpaka akakaa. Injini kama ile inatosheka na inchi 2 na robo, ikizidi sana 2 na nusu. Bomba kubwa kupita kiasi haliongezi nguvu yoyote ya maana. Linaongeza sauti tu, na mvumo ndiyo unapata pa kukaa. Kama una Subaru yenye tabo, hesabu ni nyingine, maana tabo yenyewe inameza sehemu ya kelele na moshi wake ni mwingi zaidi.

Nne, mvumo una namba yake

Hapa kaa vizuri, hesabu ni nyepesi. Injini ya silinda nne inalipua mara mbili kila ikizunguka mara moja. Ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde, yaani mapigo 100 kwa sekunde. Sauti hiyo nzito ikikutana na bodi ya gari inayotetemeka vilevile, gari zima linageuka ngoma na nyinyi mko ndani yake.

Ndiyo maana mvumo unakuja kwenye spidi fulani, ukiongeza au ukipunguza unapotea. Chukua kalamu, andika mshale wa mizunguko unasoma ngapi mvumo unapoanza na unapoisha. Mpelekee fundi namba hiyo, usimpelekee "linavuma vuma". Kwangu ilikuwa karibu na 3,000.

Dawa yake ni ya ajabu: bomba la pembeni lililozibwa mwisho, linachomelewa kwenye bomba kuu. Sauti inaingia humo, inagonga mwisho, inarudi ikiwa kinyume na ile inayokuja, zinauana. Urefu wake unapatikana kwa kugawa spidi ya sauti kwenye moshi wa moto kwa mara nne ya yale mapigo. Kwa mapigo 100, inakuja mita moja na kidogo. Mzee alianza na bomba refu, akawa anakata na kujaribu, anakata na kujaribu. Moshi haubanwi hata kidogo, maana haupiti humo.

Angalia pia mipira inayoning'iniza ekzosi. Ikikakamaa au bomba likigusa bodi, mtetemo wote unaingia ndani.

Tano, pima, usibishane

Kabla na baada, pima kwa programu ya desibeli kwenye simu. Si sahihi kama kipimo cha maabara, lakini inatosha kulinganisha gari lako na gari lako. Fanya kama wanavyofanya Japani: simu nusu mita kutoka mdomo wa bomba, pembeni kwa nyuzi 45, injini kwenye robo tatu ya mizunguko inayotoa nguvu ya juu kabisa. Kwa magari ya abiria ya kizazi cha Altezza, yenye injini mbele, ukaguzi wa kule unataka yasizidi desibeli 96. Kumbuka desibeli hazihesabiki kama shilingi: zikipungua 10, sikio linasikia kama sauti imekatwa nusu. Na usifanye jaribio hilo saa nne usiku uwani kwa watu! Kwetu Tanzania kelele nazo zina kanuni zake, za mwaka 2015, chini ya sheria ya mazingira. Jirani mwenye mgonjwa ndani ana haki yake.

Kama mfuko umekauka, kuna kizibo cha kuchomeka mdomoni mwa bomba, kinakazwa kwa bolti moja. Kinapunguza mlio, kinabana pumzi ya injini, na mvumo hakiumalizi. Kichukulie kama panadol.

Na kitu kisichohitaji fundi kabisa: adabu. Injini ikiwashwa ya baridi inapiga juu zaidi. Usiku usiipige resi. Ukikaribia mtaani kwako, panda gia, teremka taratibu. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye siku zote alikuwa ananiitikia "marahaba" kwa shida, siku hizi ananiuliza, "Mwanangu, gari umeuza?"

Sijauza. Altezza ipo, na nikiikanyaga bado ina sauti yake, nzito na safi, kuliko zamani. Tofauti ni kwamba sasa inaongea ikiulizwa.

Tulirudi tena Morogoro miezi miwili baadaye. Kuanzia Kibaha tuliongea habari ya Mwanza, mara hii nikiwa nasikia. Aliniambia cheo ni kikubwa. Akaniambia pia kwamba anaogopa, na hilo nisingelijua kamwe kwa kelele zile. Mimi nikamwambia naogopa nyumba kuwa kimya. Tulikubaliana aende mwaka mmoja, mtoto akae naye, mimi niwe napanda kila mwisho wa mwezi, kisha tuamue nani amfuate nani.

Tulipofika Chalinze nikapunguza mwendo, nikamuuliza, "Nikushushe?"

Akacheka. Nilimsikia vizuri tu.

Tukutane mwezi ujao. Na kama wewe na mwenzako mna safari wikiendi hii, zima redio kidogo. Kuna kitu anataka kukuambia.