Amani ihesabu wadudu wake kila mwaka

Mwaka 2017 takwimu kutoka Ujerumani ziliwashtua wengi: katika hifadhi 63, uzito wa wadudu warukao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27. Kazi hiyo iliendeshwa na chama cha wapenda wadudu wa mji wa Krefeld. Tangu 1989 walitumia mtego wa aina moja kwa utaratibu uleule, ndiyo maana waliweza kulinganisha.

Huo ndio utaratibu ninaoutaka katika Hifadhi ya Amani, wilayani Muheza. Hifadhi hii ya takriban hekta 8,380 ilitangazwa mwaka 1997, na utafiti una historia ndefu hapo, tangu Wajerumani walipofungua kituo chao mwaka 1902. Lakini orodha ya spishi inayotokana na utafiti huo hukuambia nani aliwahi kuonekana. Haikuambii kama amepungua.

Mtego wenyewe si wa ajabu. Ni hema la chandarua lililo wazi ubavuni, lenye pazia katikati. Mdudu akigonga pazia hupanda kuufuata mwanga, na kwenye kona ya juu hutumbukia katika chupa ya spiriti. Mimina chupa hiyo kwenye sahani nyeupe: nzi tele, mbawakawa, nondo waliolowa mabawa, na nyigu wadogo kuliko punje ya ufuta.

Wapo wanaouliza, tena kwa haki: hifadhi inayomzuia mwanakijiji kukata mti itaruhusuje wadudu wengi hivyo wafe? Hoja hiyo ina uzito, hasa katika milima hii ya Usambara, kwenye viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Basi mitego iwe michache na ifunguliwe kwa vipindi vifupi: mmoja msitu wa asili, mwingine palipovamiwa na miti ya misizi, mwingine mpakani na mashamba ya chai. Vipepeo wahesabiwe kwa macho, kwa kutembea njia ileile.

Na watembeaji wapo. Wanavijiji wa huko walifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi, hadi serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mfugaji wa vipepeo hujua kiwavi yupi hula jani lipi, ujuzi ambao mtafiti mgeni huhitaji muda mrefu kuupata. Wafugaji hao walipwe kwa kazi hiyo ya kuhesabu.

Chandarua na spiriti si ghali sana. Ghali ni mtu wa kukaa na hadubini miezi kadhaa akitenganisha yaliyomo kwenye chupa, na kabati kavu la kuhifadhia sampuli hapa nchini. Bajeti ianzie hapo, kabla ya kununua mtego wa kwanza.