KUSAFIRI SIKU ZA KRISMASI SI KUSHEREHEKEA KRISMASI

Bismillahir Rahmanir Rahim



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, kila ukikaribia mwezi wa Desemba swali moja hurudi kwetu madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura. Linatoka Australia, kwa ndugu zetu Warundi na Wakongo waliohamishiwa huko kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, ambao leo watoto wao wanasoma shule za huko. Baba anataka kukodi karavani, yaani kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, chenye vitanda na jiko ndani yake, atembee na mke na watoto katika likizo ya Krismasi. Anauliza: inafaa?

Kabla hajajibiwa na mwenye elimu, huwa ameshahukumiwa kwa simu na jamaa zake wa hapa nyumbani. Mmoja anamwambia ni haramu, anawaiga Wakristo. Mwingine anamwambia ni israfu, pesa hizo angezituma huku. Mimi nasema hukumu zote mbili ni batili, na wanaoumizwa nazo ni watoto.

1. WANAOSEMA NI HARAMU

Tulichokatazwa ni kuwaiga watu wa dini nyingine katika mambo ya dini yao. Kupamba mti wa Krismasi, kuhudhuria ibada yao, kuwapa watoto zawadi kwa ajili ya siku hiyo: haya mwalimu yeyote wa madrasa atakwambia jiepushe nayo. Lakini likizo ni kitu gani? Ni kufungwa kwa shule na kazi. Huko Australia mwaka wa masomo unaisha mwezi wa Desemba na shule hufunguliwa tena mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, kwa sababu hayo ndiyo majira yao ya joto. Viwanda na makampuni mengi nayo hufunga siku hizo hizo. Kwa baba anayefanya kazi kiwandani na mama anayehudumia wazee kwa zamu za usiku, huo ndio wakati pekee wa mwaka ambao baba, mama na watoto wote wako huru pamoja. Siku ya Idi hawaupati, kwa sababu Idi huko bara si sikukuu ya serikali.

Sasa nakuuliza wewe uliyetoa fatwa kwa simu. Hapa kwetu siku ya mapumziko ni Jumapili. Je, hatufungi ndoa zetu Jumapili? Hatufanyi walima, hatufanyi vikao vya misikiti, hatuwaiti wazazi madrasa siku hiyo kwa sababu ndiyo wanayopatikana? Umeshawahi kusikia mtu akisema bwana harusi ameingia kanisani kwa kuwa ameoa Jumapili? Ikiwa Jumapili ya Bujumbura haikutoi katika dini, vipi likizo ya Desemba ya Melbourne imtoe mwenzako?

Na kama shida ni jina, basi jueni kuna kisiwa kiko chini ya Australia, katika Bahari ya Hindi, kinachoitwa kwa Kiingereza Christmas Island, yaani Kisiwa cha Krismasi. Kilipewa jina hilo kwa sababu nahodha wa Kiingereza alikipita siku ya Krismasi ya mwaka 1643. Leo kina Waislamu wa asili ya Kimalay, kina msikiti, na Idi zote mbili ni sikukuu za serikali kisiwani humo. Je, tuwaambie Waislamu wale wahame kwa sababu ya jina la kisiwa chao?

Haramu ina dalili zake. Anayemharamishia mwenzake jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakuliharamisha anabeba dhima kubwa, hata kama nia yake ni kulinda dini.

2. WANAOSEMA NI ISRAFU

Hili linatugusa sisi wa nyumbani, na najua wapo watakaokasirika. Tunasema: "Yeye anazunguka na karavani wakati huku ada ya shule haijalipwa." Ndugu zangu, kuwatunza wazazi wasiojiweza ni wajibu wa mwenye uwezo, hapana ubishi. Zaka nayo ina watu wake. Lakini katika sheria yetu mke na watoto wa mtu ndio wa kwanza katika matumizi yake. Mtu akishawatimizia hao, akawasaidia wazazi wake na akatoa zaka yake, kilichobaki ni chake. Hatukumpeleka Australia kama mtego wa samaki, tuwe tunakwenda kila jioni kutazama umenasa nini.

Kisha tujitazame. Ni sisi tunaokodi msururu wa magari kwa harusi ya siku moja. Ni sisi tunaoshona sare za kitenge zitakazovaliwa mara moja, tunaolipa wapiga picha za video, na baadhi ya pesa hizo zimeombwa kwa huyo huyo aliyeko Australia. Hapo sikusikia mtu akitaja israfu. Pesa ikiliwa hapa Buyenzi ni heshima ya ukoo, ikitumiwa na baba pamoja na watoto wake inakuwa israfu. Huo si uadilifu.

Mnakumbuka kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.). Abu Dardaa alishughulika na ibada hadi akamwacha mkewe, Salman akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na ahli yake wana haki, ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) akasema Salman kasema kweli. Ikiwa hata ibada ya sunna haimruhusu mtu kuisahau ahli yake, michango ya harusi itamruhusu vipi?

3. TUNACHOKIPOTEZA

Wanaopinga hawaulizi: mtoto huyo asiposafiri na wazazi wake, zile wiki sita atafanya nini? Jibu wanalo wazazi. Atakaa chumbani na simu, mlango umefungwa, baba yuko zamu. Kiswahili alichotoka nacho mama kambini kinamtoka, kwa sababu hana wa kuzungumza naye kwa muda mrefu. Anajua kuitikia salamu, ukimuuliza jambo la pili anajibu kwa Kiingereza. Na dini anayoisoma saa mbili kila Jumamosi inashindana na shule ya siku tano.

Safari ya gari inampa mzazi kitu ambacho mshahara hauwezi kununua: masaa. Watoto wako nyuma, barabara ni ndefu, na sehemu nyingi za nchi ile nje ya miji hazina mtandao wa simu. Hapo mzazi anaweza kusimulia Buyenzi ni wapi, bibi yao alikuwa nani, waliondokaje, walikaaje kambini. Anaweza kuwasikilizisha sura walizohifadhi. Watoto watajifunza kwa kuona kwamba swala haiachwi hata mtu akiwa njiani.

Na ardhi yenyewe ina mafunzo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Qur'ani, zaidi ya mara moja, tutembee katika ardhi na kuzingatia. Mtoto wa Kiislamu huko shuleni anaweza kudhani Uislamu ulifika Australia na wakimbizi wa jana. Mpeleke akaone. Kabla Waingereza hawajaanzisha makazi yao Sydney mwaka 1788, mabaharia Waislamu kutoka Makassar, katika kisiwa cha Sulawesi, walikuwa wakifika pwani ya kaskazini kuvua majongoo ya bahari na kuyauza kwa Wachina. Wenyeji wa Arnhem Land, Wayolngu, wamebaki na maneno ya mabaharia hao, na pesa wanaiita "rrupiya". Mtoto aliyesikia wazee wetu wakitaja rupia hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha walikuja wachunga ngamia. Kuanzia mwaka 1860 ngamia waliletwa kwa meli pamoja na watu wa kuwaongoza kutoka Afghanistan na sehemu za Bara Hindi, wengi wao Waislamu. Kwa miaka zaidi ya 50 hao ndio waliobeba vyakula, sufu, na nguzo na nyaya za telegrafu katika majangwa ambayo farasi walishindwa. Treni maarufu inayotoka Adelaide hadi Darwin inaitwa The Ghan, jina lililotokana nao. Mjini Adelaide upo msikiti walioujenga mwaka 1888 na 1889, na watu wanasali humo hadi leo. Mji wa Broken Hill upo msikiti wao mdogo wa mabati, ambao sasa ni makumbusho. Mmoja wao, Bejah Dervish, alikuwa kiongozi wa ngamia katika msafara wa utafiti wa Calvert mwaka 1896, naye amezikwa Marree. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 iliyowabagua wasio wazungu iliwabana, malori yakachukua kazi yao, wengi wakarudi makwao. Mtoto akilijua hili, siku akiambiwa "rudi kwenu" atakuwa na la kujibu.

4. MASHARTI KWA WANAOSAFIRI

Nimewatetea, lakini sikuwapa ruhusa ya kufanya mtakavyo. Yapo masharti.

Kwanza, swala. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Ukikusudia safari halali ya kiasi cha kilomita 80 na kitu, ukatoka nje ya mji wako, unaruhusiwa kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Ishaa kuwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Unaruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Ishaa. Ukinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hapo si msafiri tena, sali kamili. Kibla kutoka Australia ni magharibi, kuelekea kidogo kaskazini. Mwezi wa Desemba mjini Melbourne jua linazama karibu saa 3 kasoro za usiku, kwa hiyo Ishaa inachelewa sana. Msiwalaze watoto kabla hawajasali kwa kusema wamechoka.

Pili, riba. Usikope mkopo wa riba ili ununue karavani. Kodi kwa siku chache, au chukua hema. Mtume (S.A.W.) na masahaba walisafiri na mahema. Tena siku hizo bei hupanda na viwanja vya kambi hujaa miezi mingi kabla, basi panga mapema.

Tatu, usijitie ujinga wa kuizunguka nchi nzima. Australia ni kubwa kuliko Burundi zaidi ya mara 270. Barabara kuu inayoizunguka ina kilomita kama 14,500. Ukiigawa kwa wiki sita ni karibu kilomita 350 kila siku bila kupumzika hata siku moja. Hiyo ni adhabu kwa watoto, na dereva aliyechoka anaua. Isitoshe, Desemba na Januari kaskazini ni majira ya mvua, tufani na mafuriko ya barabara, na katikati ya nchi joto hupita nyuzi 40. Chagua kipande kimoja cha kusini. Ukienda Broken Hill pita barabara kuu ya lami, ondoka baada ya Alfajiri, beba maji mengi kuliko unayodhani yatatosha. Marree iache hadi likizo ya Julai, wakati wa baridi.

Nne, bahari. Hili nalisisitiza kwa sababu watoto wetu wengi hawakufunzwa kuogelea. Pwani za huko zina mikondo inayovuta mtu mzima hadi kwenye kina. Ogeleeni tu kati ya bendera za rangi nyekundu na njano, ambapo waokoaji wapo. Kwa mabinti na mama zao, vazi la kuogelea la stara lipo. Lilibuniwa mjini Sydney kwenyewe, mwaka 2004, na Aheda Zanetti, Muislamu mzaliwa wa Lebanon. Hakuna sababu ya binti kukaa mchangani akiwatazama kaka zake.

Tano, moto. Zipo siku za joto kali ambazo serikali hupiga marufuku kuwasha moto wowote nje. Kutii ni wajibu. Mishikaki ya halali itangoja kesho.

5. NENO LA MWISHO

Kwenu wanafunzi wangu mnaosoma hapa: kabla ya kusema hili haramu, jiulizeni ni aya gani, ni hadithi gani, na wanachuoni wamesema nini. Si kila kilichotokea Desemba ni Krismasi.

Kwenu jamaa wa nyumbani: safari hii mtu akikupigia kukuaga, mwombee dua ya msafiri. Usimuulize amelipia karavani kiasi gani.

Na kwenu wazazi mlioko Australia: chagueni amiri wa safari kama sunna ilivyotufunza, someni dua ya safari kabla ya kuwasha gari, na mkifika Adelaide ingieni katika ule msikiti pamoja na watoto. Waambieni nani aliujenga, kisha mfanye wote rakaa mbili za kuamkia msikiti.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.